Harkhuf, Mkuu wa Wakalimani

Katika kitivo chetu tunafundishwa mapema juu ya Champollion, kwamba mwaka 1822 alizifumbua hieroglifu zikaanza kusomeka tena. Ni haki yake. Lakini kwangu mimi mtu wa Misri ya kale anayetuhusu zaidi sisi wa lugha ni Harkhuf, ofisa wa nasaba ya 6, aliyeishi karibu miaka 2300 kabla ya Kristo, na ambaye kazi yake ilikuwa kwenda kwa watu wasiosema Kimisri, kuelewana nao, na kurudi salama. Kwenye kaburi lake kumechongwa vyeo vingi: mkuu wa Misri ya Juu, mwenye muhuri wa mfalme, rafiki wa pekee wa mfalme, kuhani msomaji. Kimoja kati ya vyeo hivyo kimewagombanisha wataalamu. Wengine hukitafsiri kuwa mkuu wa wakalimani, wengine mkuu wa askari wa kigeni, wengine kiongozi wa misafara. Neno lenyewe linamhusu mtu wa lugha ngeni, au mtu anayeweza kusema na wa lugha ngeni. Mimi nachukua wakalimani, na sababu yangu inatoka katika maisha yake kuliko katika kamusi. Ukizifuata safari zake utaona mahali ambapo jambo zima lilitegemea kusema vizuri na mtu aliyekasirika.

Ninayo sababu nyingine ya kumwandika. Mimi ni wa Komanda, pale barabara ya Bunia inapokutana na ile ya Mambasa na ile ya Beni. Tangu nikiwa sekondari nimesikia watu wakisema kwamba miungu ya Misri ilitoka katika msitu wa Ituri, kwamba Mafarao waliwaabudu Bambuti wetu, na kwamba ushahidi ni barua iliyochongwa kwenye kaburi la Harkhuf. Wanaosema hivyo mara nyingi hawajaisoma. Mimi nimeisoma, kwa tafsiri za Kifaransa na Kiingereza, na naona inasema jambo jingine, tena la kuuma.

Harkhuf alikuwa mtu wa Elephantine, kisiwa kilicho katikati ya Nile, mbele ya mji tunaouita leo Aswan. Wamisri walikiita Abu, neno linalomtaja tembo na pembe zake, kwa kuwa pembe za kusini zilipita hapo. Ulikuwa mpaka. Maporomoko ya kwanza ya mto yalianzia hapo, na ng'ambo yake zilikuwa nchi za Nubia: Wawat, Irtjet, Setju, na mbali zaidi Iam. Baba yake aliitwa Iri, naye pia alikuwa rafiki wa mfalme na kuhani msomaji, yaani mtu aliyekunjua karatasi ya mafunjo wakati wa ibada na kutamka maneno bila kukosea. Hivyo mtoto alikua katika nyumba ambamo maneno yalikuwa kazi.

Jina lake lenyewe ni sentensi. Ndani yake yumo Horus, yule mungu mwenye umbo la kipanga, na kitenzi cha kulinda: Horus anamlinda. Huu ulikuwa mtindo wa kawaida. Khufu, mwenye piramidi kubwa ya Giza, jina lake kamili linamtaja Khnum, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume aliyeheshimiwa hapohapo Elephantine. Maana yake ni kwamba Khnum anamlinda mwenye kusema. Mfalme wa kwanza aliyemtuma Harkhuf aliitwa Merenre, mpendwa wa Ra. Wa pili, Pepi II, alichukua jina la kifalme Neferkare, ambalo linasifu uzuri wa ka ya Ra, ile nguvu ya uhai inayokaa ndani ya mtu na ndani ya mungu. Sisi tulio na akina Byamungu, Habimana na Dieudonné madarasani hatuna haja ya kuelezwa sana. Mzazi anaweka jina la mungu juu ya mtoto ili mungu asimsahau.

Ila majina hayo yana mitego. Merenre alikuwa na jina lingine lenye mungu mwingine ndani, na kwa muda mrefu wasomi walimsoma mungu huyo kuwa Anti. Alama yake ni kipanga aliyesimama juu ya chombo kama mtumbwi. Baadaye ikakubaliwa kwamba alama hiyo isomwe Nemti, anayesafiri, na mfalme akawa Nemtyemsaf. Alama ni ileile na umbo ni lilelile, ila jina la mungu limebadilika kwa sababu ya usomaji wa herufi moja. Nawaachia walimu wa fonolojia wafurahie.

Safari ya kwanza Harkhuf alitumwa na Merenre pamoja na baba yake kwenda Iam, kuifungua njia. Ilichukua miezi 7. Ya pili akaenda peke yake kama mkuu, akapita njia ya Elephantine, akarudi kupitia Irtjet na Setju baada ya miezi 8. Hapo anajisifu kwamba hakuna rafiki wa mfalme aliyekwenda Iam kabla yake aliyewahi kufanya hivyo. Anajisifu sana, kwa kweli. Ni desturi ya maandishi ya makaburi, na tusimhukumu kwa hilo.

Safari ya tatu ndiyo inayomwonyesha mtu mwenyewe. Alipita njia ya jangwani, njia ya oasisi, na alipokaribia akakuta mtawala wa Iam hayupo. Amekwenda kupigana na watu wa Tjemeh upande wa magharibi, akiwa na nia ya kuwafukuza mpaka kwenye pembe ya mbingu. Mfanyabiashara mwingine angesubiri au angerudi. Harkhuf alimfuata huko vitani. Maandishi hayasemi alimwambia nini. Yanasema alimtuliza, mpaka mtawala yule akaisifu miungu yote kwa ajili ya mfalme wa Misri. Fikirini kazi hiyo: mtu wa mbali, katikati ya vita visivyo vyake, anamfanya mtawala wa lugha nyingine aombee bwana asiyemjua, tena kwa miungu ambayo majina yake huenda hayakuwa ya Kimisri hata kidogo. Mchongaji ameandika miungu yote kwa neno lake mwenyewe, lile linaloandikwa kwa alama ya mti wenye kitambaa juu, kama bendera iliyosimikwa mbele ya mahali patakatifu. Huyo mtawala alitamka jina gani? Mkalimani alisikia, na mkalimani ndiye aliyechagua neno.

Alirudi na punda 300 waliobeba ubani, mpingo, mafuta, ngozi za chui, pembe za tembo. Njiani alipita kwa mtawala mmoja aliyekuwa ameziunganisha Irtjet, Setju na Wawat chini yake. Huyo alipoona kikosi cha Iam kinausindikiza msafara pamoja na askari wa Misri, akatoa ng'ombe na mbuzi na kuonyesha njia ya vilimani. Mtu wa Komanda anaielewa sehemu hii bila maelezo ya chini ya ukurasa. Tunajua magari yanavyosubiri yafike mengi ndipo yaondoke na wanajeshi kuelekea upande wa Beni, na tunajua jinsi sura ya watu wa njiani inavyobadilika kufuatana na ukubwa wa ulinzi. Mfalme naye akatuma mashua zimpokee mtoni na divai ya tende, keki, mkate na bia.

Merenre akafa, akaja Pepi II. Manetho, kuhani Mmisri aliyeandika historia kwa Kigiriki katika karne ya 3 kabla ya Kristo, anasema mfalme huyu alianza kutawala akiwa na miaka 6. Kwa hiyo barua tunayoizungumzia, ya mwaka wake wa pili, mwezi wa tatu wa mafuriko, siku ya 15, ilitoka katika nyumba ya mfalme aliye mtoto. Harkhuf alikuwa amekwenda Iam mara ya nne na ametanguliza taarifa kwa maandishi. Barua inamjibu.

Inaanza na zawadi. Inasema kwamba vitu alivyovileta vimetolewa na Hathor, Bibi wa Imaau, kwa ajili ya ka ya Neferkare. Hapa naomba tusimame kidogo. Jina la Hathor maana yake ni nyumba ya Horus. Ana umbo la ng'ombe, au la mwanamke mwenye pembe zilizokumbatia jua, na mahali pengine anakaa katika mti wa mkuyu. Kwa Wamisri alikuwa pia bibi wa nchi za kigeni: Byblos kwenye pwani ya Lebanoni, migodi ya Sinai, Punt. Popote walipofika na kupata kitu cha thamani, walimkuta Hathor ametangulia. Mtawala wa Iam alikuwa ametoa pembe na ubani. Barua ya Misri inaandika kwamba mungu mke wa Misri ndiye aliyetoa. Namna hiyo mwenyeji anaondolewa katika sentensi, na mungu anawekwa pale palipokuwa kiima.

Kisha inafika kwenye habari iliyomfurahisha mtoto. Harkhuf ameandika kwamba analeta mtu mmoja, wa aina waliyoiita kwa neno lenye konsonanti tatu, d, n, g, ambalo wasomi hulitamka deneg. Ametoka katika nchi ya watu wa upeo wa macho, kule jua linakochomoza, naye anajua ngoma za mungu. Mfalme anakumbusha kwamba mmoja kama yeye aliwahi kuletwa kutoka Punt na ofisa Bawerded enzi za mfalme Isesi, lakini kutoka Iam hajawahi kuletwa. Anaagiza Harkhuf aache mambo mengine, aje kaskazini mara moja, amlete akiwa hai na mwenye afya. Akipanda mashua, watu wa kuaminika wakae pande zake zote asije akaanguka majini. Akilala usiku, walale kumzunguka ndani ya hema lake, na akaguliwe mara 10 kwa usiku mmoja. Mfalme anatamani kumwona mtu huyo kuliko mali zote za Sinai na za Punt. Na Harkhuf akimfikisha salama, atapewa heshima iliyozidi ya Bawerded.

Watafsiri wengi wa Ulaya wameandika pygmée au pygmy, neno la Kigiriki linalotokana na kipimo cha kutoka kiwiko mpaka ngumi. Kiswahili sanifu kina mbilikimo, neno ambalo sisi wa Komanda hatulisemi mbele ya mtu tunayemheshimu. Wamisri wenyewe walikuwa na neno jingine, lenye konsonanti n, m, w, kwa watu wafupi wa maumbile kati yao, na baadhi yao walikuwa wakubwa: Seneb, ambaye sanamu yake na mke wake Senetites na watoto wao iko Cairo, alikuwa kuhani na mtu wa mali. Deneg ni neno la mtu aliyetoka mbali. Wapo waliolilinganisha na neno la Kiamhari dink, lenye maana ya mtu mfupi sana, na huenda wana haki, ingawa ulinganisho wa neno moja ni kiti cha mguu mmoja.

Na ngoma za mungu? Neno la Kimisri ni la kucheza kwa mwili. Kiswahili chetu cha Kongo kinasema kucheza moja kwa moja, na ninaona kinafaa kuliko lugha zilizolazimika kuchagua kati ya mchezo na dansi. Mungu hapa yuko katika umoja na hakutajwa jina. Katika maandishi yaliyojaa Horus, Ra, Nemti, Hathor, huyu mmoja anayechezewa hana jina. Wengi hudhani ni mungu jua, kwa sababu ya ile nchi ya macheo. Jambo linalonishangaza zaidi liko ndani ya piramidi ya Pepi I, wa nasaba hiyohiyo. Katika maombi yaliyochongwa ukutani ili mfalme avuke salama baada ya kufa, kuna mahali ambapo mfalme anadai yeye ndiye deneg wa ngoma za mungu, anayemfurahisha mungu mbele ya kiti chake kikuu. Farao, mwenye mungu katika jina lake, anataka kuchukua umbo la mtu yule aliyewekewa walinzi asizame.

Kutoka hapo watu huruka hadi kwa Bes. Kweli, Bes ni mfupi, ana manyoya ya simba, ulimi nje, taji la manyoya ya ndege, naye anatazama mbele uso kwa uso wakati miungu mingine huchorwa kwa upande. Anacheza, anapiga ngoma, analinda mama anayezaa na mtoto aliyelala. Lakini picha zake zinapatikana kwa wingi karne nyingi baada ya Harkhuf, na mwanzoni aliitwa Aha, mpiganaji. Wasomi kadhaa wanaona chini yake simba aliyesimama kwa miguu miwili kuliko mtu. Jean-Pierre Hallet, Mbelgiji aliyeishi kati ya Waefe wa Ituri, alichapisha mwaka 1973 kitabu Pygmy Kitabu, akitetea kwamba imani nyingi za kale, za Misri zikiwemo, zina mizizi kwao. Aliwapenda Waefe na aliwatetea, hilo siliondoi. Lakini ushahidi wa namna hiyo, jina linalofanana hapa na hadithi inayofanana pale, mwalimu wa isimu wa mwaka wa kwanza angeurudisha na wino mwekundu.

Tazameni pia ramani. Kutoka Aswan hadi Komanda ni zaidi ya kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, na katikati yamo madimbwi makubwa ya Sudi. Safari ya miezi 7 kwenda na kurudi kwa punda haifiki kwetu. Iam wengi wanaiweka Nubia ya juu, wengine jangwani zaidi kuelekea magharibi. Kama mtu yule alitoka msitu huu, basi alipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia Harkhuf, kama pembe zinavyopita. Njia ya maji ipo: Semliki inaingia Ziwa Albert, na kutoka hapo ni Nile. Mto Ituri wenyewe unakwenda upande mwingine, Aruwimi, kisha Kongo.

Likizo iliyopita nilimsimulia barua hii mzee mmoja Mwefe anayekaa pembeni ya barabara ya Mambasa, ambaye namwita baba kama watoto wote wa jirani. Nilimweleza kwa Kiswahili, yeye akawaelezea wengine kwa lugha yao, ile ya jamii moja na Kilese. Sikumuuliza kuhusu Bes. Nilimuuliza kuhusu Tore, kwa kuwa nimesoma kwamba padri Paul Schebesta, aliyekuja Ituri mara ya kwanza mwaka 1929, alilikuta jina hilo likibeba sura nyingi: mwenye msitu, mwenye wanyama, mwenye kuogopwa; na Wazande nao wana Ture, mjanja wa hadithi. Akanijibu kwa ufupi kwamba Tore hatajwi ovyo, na kwamba anayemjua hahitaji kueleza umbo lake. Halafu akarudi kwenye barua. Alitaka kujua mtu yule aliitwa nani, na kama alirudishwa kwao.

Barua haimtaji kwa jina. Inamtaja Hathor, Neferkare, Isesi, Bawerded, na Harkhuf mwenyewe. Inasema jinsi ya kumlaza mtu huyo na mara ngapi ya kumkagua. Mkuu wa wakalimani, aliyeweza kumtuliza mtawala katikati ya vita, alikaa naye mashuani siku nyingi, na bila shaka alikuwa na watu wa kumsemesha. Jina lake lazima lilitamkwa kwenye mashua ile, na huenda lilikuwa na mungu ndani kama majina yao wote. Wanaotuambia Bambuti waliabudiwa Misri wangeanza na sentensi hii isiyokuwepo. Ni hao hao, nimeona, ambao kwenye kikao cha kijiji humwacha Mambuti asimame nje huku habari zake zikizungumzwa ndani.

Harkhuf alichongewa barua yote kwenye uso wa kaburi lake, upande wa kulia, katika mwamba wa Qubbet el-Hawa unaotazama mto kutoka magharibi. Huko Ernesto Schiaparelli aliikuta mwaka 1892. Jibu lake kwa mfalme halikuchongwa. Juu ya mlango anasema aliwapa wenye njaa mkate, aliwavika walio uchi, alimvusha asiye na mashua, na hakuwahi kuamua kati ya wawili kwa namna ya kumnyima mtoto urithi wa baba yake. Anayeingia bila usafi anaonywa kwamba atakamatwa shingo kama ndege. Jirani yake katika mwamba uleule, Heqaib, ofisa kama yeye chini ya Pepi II, baada ya kufa alijengewa hekalu pale Elephantine, na watu wakaanza kumletea sadaka na kuwapa watoto jina lake. Harkhuf hakufanywa mungu. Alibaki mtu wa safari, mwenye fimbo mkononi, na barua ya mtoto pembeni mwa mlango.